Moyo Ukilemewa, Twende kwa Nani?

Mwanafunzi akivunjika mguu uwanjani, hakuna atakayeuliza la kufanya. Wawili watambeba, mmoja atakimbia kumwita mwalimu, na kabla ya jua kuzama mzazi amekwisha pata habari. Lakini mwanafunzi akilemewa moyoni, huenda akakaa darasani muhula mzima asiulizwe neno. Mimi ni mwalimu, na katika shule yetu nimepewa pia kazi ya unasihi, yaani kuwasikiliza wenye shida na kuwaonyesha njia. Somo langu la leo ni njia hiyo, maana mtu hawezi kubisha hodi kwenye mlango asioujua.

Maana ya jambo lenyewe

Wengi wetu tukisikia maneno "afya ya akili" twafikiri habari ya vichaa tu. Sivyo. Kila mtu ana akili, na akili huweza kuugua kama tumbo linavyougua. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba karibu nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 14. Basi jambo hili linawahusu sana vijana wa sekondari.

Huzuni ya siku mbili tatu si ugonjwa. Lakini yafaa tushtuke ikiwa kwa muda wa majuma mawili au zaidi mtu halali vizuri, hali vizuri, amejitenga na wenzake, ameacha michezo aliyoipenda, amekuwa mkali pasipo sababu, au masomo yake yameanguka ghafla.

Sisi wa Hanang tuna mfano wa karibu. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na miti kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walikufa, na wengi walipoteza nyumba na mifugo. Serikali ilipeleka chakula na dawa, na pamoja na hivyo ilipeleka maafisa wa ustawi wa jamii wakae na waliofikwa na msiba na kuzungumza nao. Kwa nini? Kwa sababu jeraha la mguu huonekana, na la moyo halionekani, lakini yote mawili huuma. Mtoto aliyeona tope likishuka aweza kutetemeka kila wingu jeusi linapokusanyika. Huyo haigizi, wala si mwoga. Anahitaji msaada.

Huduma ya kwanza

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa kitabu cha huduma ya kwanza kwa mtu aliyepatwa na msiba au mshtuko. Mambo yake makuu ni matatu, na hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kuyashika.

La kwanza ni kuangalia: je, mtu huyu yu salama? Ana njaa, ana baridi, ana jeraha? La pili ni kusikiliza: kaa naye, usimlazimishe kusema, usimcheke, wala usimwambie "jikaze tu." La tatu ni kuunganisha: mpeleke kwa mtu au mahali penye msaada. Hili la tatu ndilo tunalolisahau, kwa hiyo nitalieleza zaidi.

Milango ya kubisha

1. Mtu mzima unayemwamini. Awe mama, baba, shangazi, mjomba, babu au bibi. Mwambie wazi: "Sijisikii vizuri moyoni, naomba unisikilize." Wa kwanza asipokuelewa, mwendee wa pili.

2. Mwalimu wa unasihi. Si lazima uje na sababu kubwa. Utakayoniambia hayatasomwa mstarini. Ila nikiona uhai wako au wa mwenzako umo hatarini, nitamtafuta wa kunisaidia, nami nitakueleza kwanza.

3. Zahanati au kituo cha afya. Mganga wa zahanati aweza kukupima na kukuandikia barua ya rufaa. Kutoka Masakta wengine huelekea Katesh, iliko Hospitali ya Tumaini. Wengine huelekea upande wa Mbulu, kwenye Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na ambayo hutibu magonjwa ya akili na kifafa. Wagonjwa wazito huweza kupelekwa Mirembe, Dodoma, hospitali ya akili iliyoanza mwaka 1927.

4. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Huyu husaidia nyumba yenye ugomvi, mtoto aliyetelekezwa au yatima asiye na mlezi. Kama mtu anapigwa au ametendewa jambo la aibu, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto.

5. Simu namba 116. Hii ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, na kupiga ni bure. Kama huna simu, mwombe mzazi au mwalimu akupigie.

Siri isiyofaa kutunzwa

Hapa naomba kila msomaji asome polepole. Rafiki yako akikuambia kwamba amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, usichukulie kuwa ni mzaha. Muulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Wataalamu wamethibitisha kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kushusha mzigo. Kisha usimwache peke yake, na mwite mtu mzima saa ile ile, hata kama amekuapisha usiseme. Rafiki aliyekasirika leo mtapatana kesho.

Neno kwa wazazi

Wazee wa Kiiraqw husimulia habari za metimani, desturi ya zamani ya kuitenga nyumba iliyofikwa na mauti, ili uchafu wa kifo usienee. Desturi ile ilikuwa na sababu zake. Lakini huzuni haiambukizi, na kijana mwenye huzuni akitengwa huzidi kudidimia. Vilevile mtoto mwenye kifafa hajalogwa, na dawa za hospitali huwasaidia wengi kuishi bila kuanguka. Kuomba kanisani au msikitini ni kuzuri, na hakumzuii mtu kwenda hospitali.

Msidhani pia kwamba msaada ni wa madaktari peke yao. Huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye huzuni. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wa Masakta naye ana masikio.

Na nyumbani mwenye kijana aliyelemewa, vitu vyote vya kudhuru, zikiwamo dawa za shamba na za mifugo, viwekwe chini ya kufuli.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Tusingoje kilio.

Maswali ya kujipima

1. Taja dalili tatu za mtu aliyelemewa moyoni.
2. Ni mambo gani matatu ya huduma ya kwanza?
3. Ni siri gani usiyopaswa kuitunza, na utamwambia nani? Andika majina ya watu wazima wawili unaowaamini, uyaweke katika daftari lako.