Kadi inapendeza kwenye skrini, ikichapwa ina ukungu

*Nabuni kadi za Idi kwa kompyuta, nikipachika picha za kitenge zionekane za mkono. Zikichapwa zinatoka na ukungu. Kosa liko wapi?*
*Msomaji, Tanga*

Ukungu huo hautokani na ubunifu wako, ndugu msomaji. Picha ni ndogo mno. Uchapaji mzuri hutaka nukta 300 kwa inchi, hivyo kadi ya A6 inahitaji pikseli 1240 kwa 1748. Anza na kipimo hicho, usikuze mwishoni. Skani kitenge chenyewe, hata uzi uliochomoza uonekane. Ili zionekane za mkono, vivuli vya vipande viwe vyembamba, vyote vielekee upande mmoja. Hapo ndipo jicho huamini kipande kimebandikwa. Ukimtumia mchapaji kwa WhatsApp, hifadhi kama PDF, kwani WhatsApp hubana picha. Ukungu ukiendelea, mpelekee mchapaji faili akague, akutolee nakala moja kwanza.