Jinsi ya Kuiharibu Hadithi: Somo kwa Waandishi Chipukizi

Wengi wenu mmekuwa mkiuliza mtu hufanyaje ili awe mwandishi wa hadithi. Basi leo ni somo. Kaeni kitako, toeni kalamu, na yule wa nyuma anayetafuna muwa aache.

Hadithi huanza asubuhi. Msije mkanidanganya ati yaweza kuanza jioni, katikati ya ugomvi. Jogoo awike, jua litoe miale yake ya dhahabu, mhusika arauke, apige mswaki, aoge, anywe chai kwa mkate uliopakwa siagi. Chai hiyo ipewe ukurasa mzima. Msomaji akishasinzia, hapo ndipo umlete mwizi, naye aje ghafla bin vuu. Mwizi anayekuja polepole hana adabu.

Kisha mbio. Mhusika hakimbii hivi hivi, bwana! Hutimua mbio kama swara aliyemwona simba, hata kama anakimbilia matatu pale Machakos na swara amemwona kwenye kalenda tu. Msichana akitokea, meno yake yawe meupe kama theluji. Najua theluji yetu iko huko juu kileleni Mlima Kenya na wengi wetu hatujawahi kuigusa, lakini maziwa tunayokamua kila siku hayana heshima. Methali nazo zisipungue saba kwa ukurasa. Ukiandika "haraka haraka haina baraka" na mara "ngoja ngoja huumiza matumbo", mwalimu atajua umesoma pande zote mbili.

Waandishi wakubwa msiwafuate, watawapotosha. Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimpa Bwana Msa kiko na akili, akamwacha afikiri mpaka akaufumbua ule mkasa. Kazi ya bure! Mpelelezi wako na alale, aote jina la muuaji. Naye Ken Walibora, katika Siku Njema (1996), alimtoa Kongowea Mswahili Tanga akamleta hadi upande wa Kitale kumtafuta babake. Kitale, jamani, kwenye mahindi! Wako mpeleke London. Hujafika? Vizuri, msomaji pia hajafika. Tena usiandike neno kabla ya kununuliwa meza na taa. Ni kweli Ngugi wa Thiong'o aliandika Caitaani Mutharaba-ini juu ya karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978, lakini sisi hapa bwenini hata karatasi hizo hatuna.

Hatari kubwa kuliko zote ni mambo ya nyumbani. Kuna dada mmoja wa kidato cha tatu aliyetusomea hadithi chamani. Hamkuwa na jogoo, hamkuwa na swara. Mama yuko dukani, anahesabu pesa zake mara mbili, kisha anarudisha unga wa kilo mbili na kuomba wa kilo moja. Mtoto anauliza kwa nini, naye anamwambia ule mkubwa una wadudu. Basi, imekwisha.

Mnaona hasara yake? Darasa lilinyamaza kimya, hata wale wa nyuma. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja alijifanya anatafuta kalamu chini ya dawati kwa muda mrefu mno, na kalamu yenyewe tuliiona iko mfukoni. Sasa chama kitaendeleaje na mambo kama hayo? Wazee wa chama wakamshauri aongeze methali mbili na ajali ya basi. Akaongeza. Hadithi ikatulia, haimsumbui mtu tena, ingawa mpaka leo kuna wanaouliza juu ya ule unga.

Ama mwisho, huo ni rahisi. Mhusika azirai, azinduke akiwa hospitalini kitandani, na daktari atabasamu. Kurasa zikikuishia kabla ya hospitali, andika, "Kumbe ilikuwa ndoto!"

Zoezi: Andika kurasa mbili juu ya "Siku Nitakayoikumbuka". Usimtaje mtu yeyote wa kwenu, wala harufu ya jikoni kwenu, wala lile neno ambalo nyanya yako husema akikasirika. Atakayeyataja ataitwa mbele asome kwa sauti, na sisi wengine tutakuwa chini ya madawati tukitafuta kalamu.