Mtoto Akililia Wembe

Wazee wetu walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake ni kwamba asiyesikia neno la mkubwa atafunzwa na jambo lenyewe. Lakini si kila kilio cha mtoto ni cha wembe. Yafaa mzazi apime kwanza, ndipo ajibu. Mimi hutumia maswali manne, nami nayaeleza hapa kwa faida ya wazazi, na ya wanafunzi ambao siku moja watakuwa wazazi.

Swali la kwanza: Je, mtoto anataka kitu, au anataka wenzake? Mwanangu wa miaka saba alilia siku tatu akitaka gari la plastiki la betri aliloliona sokoni Kibiti. Nilipomwuliza kwa upole alijibu, "Baba, wenye magari hawanipi zamu." Basi kilio kile hakikuwa cha gari, kilikuwa cha kutengwa.

Swali la pili: Je, kitu hicho kina hatari? Vitu vingi vya kuchezea vinavyoimba au kuwaka taa vina betri ndogo za duara, mfano wa kifungo. Mtoto akimeza betri hiyo ikakwama kooni, huunguza nyama ya koo, na madhara makubwa yaweza kutokea kwa saa 2 tu. Mfikirieni mtu wa vijiji vya delta, kama Salale, ambaye hana budi kungoja maji yajae ndipo chombo kitoke. Saa 2 humpita angali mtoni. Kidole kilichokatwa na wembe hupona, na mtoto huerevuka. Betri yaweza kuua kabla haijamfunza mtu.

Swali la tatu: Bei yake ni sawa na nini? Muuzaji alitaka shilingi 9,000. Daftari nilikuwa nikinunua kwa shilingi 1,000; basi gari moja lilikuwa madaftari 9. Hata hivyo, tusiuone mchezo kuwa upuuzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeutaja mchezo katika haki za mtoto, pamoja na chakula, mavazi, matibabu na elimu. Fedha ya mchezo haikutupwa. Iliyotupwa ni ile inunuayo kitu cha kuvunjika siku ya pili.

Swali la nne: Je, chaweza kutengenezwa nyumbani? Watoto wa pwani hufanya vyombo vya kuelea kwa makarara ya mnazi, na magari kwa waya na magurudumu ya kandambili zilizochakaa. Mwenye kuunda gari la waya hujifunza kupima, kukunja na kusawazisha. Likiharibika, hulitengeneza mwenyewe.

Baada ya kuyajibu yote nilimkatalia gari, nikamnunulia mpira, kwa kuwa mpira hauchezwi na mtu mmoja. Alinuna jioni ile, nami sikumgombeza, maana huzuni ya mtoto nayo ni huzuni.

Ukikataa, mweleze mtoto sababu. Usimwambie "kesho" na hali huna nia, kwani ahadi ni deni, na mtoto hasahau deni lake. Nanyi wanafunzi, likizo ikifika, kaeni na wadogo zenu muwafundishe kukunja waya.

Maswali ya mazungumzo:
1. Ni wakati gani methali ya wembe hufaa, na ni wakati gani haifai?
2. Taja kitu kimoja cha kuchezea ulichokiunda mwenyewe. Kilikufunza nini?