Matambara ya Ebedmeleki: Somo Kuhusu Mifuko na Kufunga Zawadi

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: Yeremia 38:1-13, Yohana 6:1-13, Yoshua 9:3-15.



Mwezi huu tunaanza kwa kuungama. Kiangazi kilichopita, tulipotangaza harusi ya vijana wetu wawili wa kwaya, tulisema mimbarani kwamba zawadi ziletwe zikiwa zimefungwa vizuri. Hatukulipima neno hilo. Mchungaji hulisema kama anavyosema watu wasichelewe. Siku yenyewe mama mmoja wa kanisa letu hakuonekana. Tulipomtembelea wiki iliyofuata, tukaona juu ya meza yake vikombe viwili vipya vya bati vyenye maua. Alikuwa amevinunua kwa faida ya ndagala anazouza sokoni. Lakini karatasi ya zawadi, ile inayong'aa, ilimshinda bei, na hakuweza kupita mbele ya watu wote akiwa ameshika vikombe wazi mkononi. Akabaki nyumbani, akiisikiliza kwaya kwa mbali.

Basi somo hili tumelihitaji sisi kwanza.

Habari ya Yeremia kutupwa shimoni wengi wetu tunaijua. Wakuu wa Yerusalemu hawakuyapenda maneno yake, wakamshusha kwa kamba katika shimo la Malkiya, lililokuwa katika uwanja wa walinzi. Hamkuwa na maji humo, ila matope, na nabii akazama katika matope. Ndipo anatokea mtu mmoja, Ebedmeleki, Mkushi, mgeni katika nchi ile, mtumishi wa nyumba ya mfalme. Anakwenda kumwombea nabii kwa mfalme, anapewa watu 30, anaambiwa amtoe kabla hajafa. Sisi hapo tungekimbilia shimoni moja kwa moja. Yeye anapita kwanza mahali chini ya hazina ya mfalme, anachukua matambara na nguo zilizochakaa. Anayateremsha kwa kamba, na kumwambia Yeremia ayaweke makwapani, chini ya kamba, ndipo wamvute.

Angalieni sana hapo. Wakuu walikuwa na kamba, na Ebedmeleki pia alikuwa na kamba. Lakini wakuu hawakuleta tambara hata moja. Mtu aliyedhoofu, aliyezama matopeni, akivutwa kwa kamba tupu atachunika ngozi. Ebedmeleki aliliwaza jambo hilo akiwa bado juu, kamba haijamgusa mtu. Wala hakutafuta kitambaa kipya. Katika nyumba yenye hazina alichukua kitu ambacho hakuna aliyekihesabu.

Kwa hiyo, tunapouliza kama kitu kilichokwisha kutumika kinafaa tena kuwa mfuko au kifungio cha zawadi, tuulize kama Ebedmeleki: kitamgusa nani, na kitamgusaje?

Hapa Ruziba, kati ya ziwa na barabara ya Rumonge, jambo hili haliishii kwenye harusi. Mwezi wa Agosti 2018 Rais wa Burundi alitia sahihi amri ya kukataza kuingiza, kutengeneza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki, yaani masashe. Watu wakapewa miezi 18 ya kujitayarisha, na katazo likaanza kutumika Februari 2020. Majirani wengi walikuwa wametangulia: Zanzibar mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017, Kongo kwa amri ya mwisho wa 2017, na Tanzania bara Juni 2019. Hata hivyo masashe tunayaona bado. Mvua ikinyesha milimani yanateremka na mitaro, yanaiziba, na maji yanatafuta njia kupitia nyumba za watu. Yanayopita huishia ziwani, katika maji yale yale yanayotupa ndagala na mikeke. Sisi tuliopokewa katika nchi ya wenyewe tusiwe wa mwisho kuitii sheria hii.

Kuna jambo linalotusumbua zaidi, kwa kuwa linafanyika ndani ya nyumba zetu. Ni lile la kuwashia makala kwa sashe. Ni kweli linashika moto upesi, lakini moshi wake una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mama anayeinama juu ya mbabula na mtoto mgongoni. Tuwashie magunzi makavu au vijiti, hata kama tutachelewa kula.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe.

Gunia la mchele au la unga, lile la nyuzi za plastiki zilizosukwa, ndilo tulilo nalo kwa wingi, hasa ndugu zetu walioko kambini. Gunia la kilo 25 likifuliwa na kuanikwa kivulini hutoa mifuko miwili ya sokoni. Tatizo lake ni mawili. Kwanza, ukingo wake hufumuka, kwa hiyo ukunjwe mara mbili kabla ya kushonwa. Pili, jua hulila. Gunia likiachwa nje miezi kadhaa hukauka na kupukutika vipande vidogo vidogo, na hapo tumerudi kwenye uchafu ule ule wa masashe. Mfuko huo ukitoka sokoni uwekwe ndani. Ukishonewa kitenge kwa nje utadumu zaidi, na vipini vizuri hupatikana kwenye viuno vya suruali kuukuu za jinzi. Wengine huligeuza gunia ili maandishi ya shirika la msaada yaende ndani. Tumesikia wakikemewa eti wanaona haya. Sisi hatuwakemei. Mtoto wa miaka kumi na mitano anayetumwa sokoni hapaswi kutangaza kila siku kwamba kwao wanakula chakula cha msaada.

Mfuko wa saruji wa karatasi una tabaka zaidi ya moja. Tabaka iliyogusa saruji tuitupe, maana vumbi lake huchoma ngozi na kuumiza mapafu. Tabaka za nje zikung'utwe mahali penye upepo, kitambaa kikiwa puani, na watoto wakae mbali. Hizo hukatwa na kugandishwa kuwa mifuko ya kubebea sabuni, viatu, hata makala, lakini chakula hapana. Gundi hatuinunui: vijiko vitatu vya unga wa muhogo katika kikombe cha maji baridi, ukoroge mpaka mabonge yaishe, kisha uweke motoni ukiendelea kukoroga hadi uji uwe mzito na kuanza kung'aa. Mende wanaipenda gundi hii kuliko sisi, kwa hiyo mifuko itunzwe ndani ya kopo lenye kifuniko.

Hapo pana mpaka ambao hatuwezi kuulegeza. Gunia lililobeba mbolea au dawa ya wadudu lisiwe mfuko wa chakula, hata likifuliwa mara saba. Neti ya mbu yenye dawa isifungie samaki. Karatasi iliyoandikwa kwa wino au kupigwa chapa isifungie mandazi ya moto, maana mafuta huunyonya wino. Anayefanya hivyo amepata kifungio bila kulipa, na gharama amemwachia mtoto wa mteja wake. Tumeulizwa pia kuhusu kurasa zilizochanika za Biblia na vitabu vya nyimbo. Sisi hatungezifungia kitu. Wala hatumfungi mtu dhamiri kwa neno hilo, ila zikiletwa kanisani tutazibandika upya.

Kwa chakula kibichi jani la mgomba bado halijapata mpinzani. Lipitishwe juu ya moto kidogo lilainike, ndipo halitapasuka likikunjwa. Akina mama wanaouza ndagala walituuliza: mteja akija mikono mitupu, tumkatae? Hapana, ila yule anayekuja na bakuli au kikapu chake aongezewe kidogo, yale matabishi tuliyozoea tangu Uvira. Watu hujifunza upesi pale wanapopewa kuliko pale wanapogombezwa. Kule ng'ambo ya bahari ya Galilaya, baada ya watu kushiba mikate na samaki, Bwana aliagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu, na vikajaa vikapu 12. Yohana hasemi vikapu hivyo vilitoka wapi. Sisi tunafikiri siku zile mtu hakutoka nyumbani bila chombo chake.

Turudi kwa mama wa vikombe.

Tulipokuwa bado tumeketi kwake, Mama Mchungaji aliomba kikwembe. Akaletewa kimoja kilichopauka kwa kufuliwa, akakata kipande cha mraba, kila upande kama mkono mmoja na nusu, akapinda kingo kwa sindano. Akaweka vikombe katikati vikiwa vimevishana. Pembe mbili zinazotazamana akazifunga juu ya vikombe, kisha mbili zilizobaki akazifunga juu ya zile, akaziacha zisimame kama masikio ya sungura. Yule mama akacheka, akasema fundo hilo analijua kuliko sisi. Siku ile ya kuvuka mpaka alikuwa amefunga hivyo hivyo sufuria, Biblia, nguo za watoto na cheti kimoja cha ubatizo. Hakufikiri kwamba fundo la siku ile lingeweza kufunga zawadi.

Wengi wetu tulikuja na furushi la namna hiyo kichwani. Ndiyo maana vifurushi hutuumiza macho, na karatasi ya dukani huonekana kama alama ya watu waliokaa kwao kwa amani. Lakini huko Japani watu wenye uwezo wao hufunga zawadi kwa kitambaa cha mraba, kwa mafundo yanayofanana sana na haya. Wanakiita furoshiki, na asili yake ni kitambaa cha kufungia nguo mtu anapokwenda kuoga. (Neno lenyewe linakaribia furushi letu, ingawa hatusemi kwamba ni ndugu.) Mikono yenu ina ujuzi ambao wengine huusomea vitabuni.

Kwa sisi waafrika kifungio cha kitambaa kina faida moja zaidi: chombo hakirudi kitupu. Karatasi inayong'aa huchanwa na kutupwa jioni ile ile. Vikombe vile viliwafikia wale maharusi kwa kuchelewa, na baada ya siku chache kikwembe kilirudi kwa mwenyewe kikiwa na sukari ndani. Sasa nyumba mbili zinatembeleana.

Wasio na kitambaa wasikate tamaa. Mafundi cherehani huwa na vipande chini ya mashine, vikiunganishwa vinapendeza. Kalenda ya mwaka uliopita, upande wa nyuma, ni karatasi nzuri na ngumu. Watoto wanaweza kuichapa maua kwa kiazi kilichochongwa.

Neno moja la tahadhari, nalo linatoka katika Yoshua 9. Wagibeoni nao walitumia magunia makuukuu na viriba vilivyoshonwa viraka, lakini kwa kudanganya. Vitu vikuukuu vinaweza kusema uongo kama vile vipya. Tumeona harusini boksi kubwa lililofungwa mara nne na ndani yake kijiko. Tumeona pia mwenye uwezo anayeleta kidogo katika tambara ili ahesabiwe mnyenyekevu. Wote wawili wanajua wanachofanya, na hatutasema zaidi.

Katika maombi ya nyumbani, tunaomba kila familia ijadili maswali haya. Ni vitu gani nyumbani mwetu viko chini ya hazina, havijahesabiwa? Ni nani katika jumuiya yetu hakuja kwenye sherehe mwaka huu, na tulijua sababu yake? Na kama tungekuwa Yeremia, ni jambo gani dogo ambalo tungetamani mwokoaji wetu alikumbuke kabla ya kuvuta kamba?

Tangazo la harusi tumelibadilisha. Tangu sasa litasema zawadi ije jinsi ilivyo, na meza ya zawadi itawekwa kando, si mbele ya watu, wala majina hayatasomwa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, tutakutana uani kwa kanisa. Mama wa vikombe atafundisha fundo, na mafundi wetu wawili wa cherehani wameahidi kuleta vipande. Anayeweza alete gunia moja lililofuliwa, sindano, uzi, na unga wa muhogo wa kujaza kiganja. Vijana wa kwaya msikae mbali. Harusi zinazofuata ni zenu.