Ratiba Ipo Hapo Nyumbani Kwenu

Mwanangu wa Kihonda, Morogoro,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna sentensi moja imekataa kunitoka: "Shangazi, siku hizi sijui leo ni Jumanne au Alhamisi mpaka niangalie simu." Ulihitimu shahada ya ualimu, hisabati na fizikia, mwaka 2022. Kila tangazo la ajira likitoka unaomba. Kwenye usaili umeitwa mara moja, hukupita. Unakaa kwa mama. Usingizi unakuchukua saa tisa usiku, unaamka saa tano na kichwa kizito. Uliandika ratiba ukaibandika ukutani, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, kila nusu saa na kazi yake. Ilidumu siku nne. Sasa unajiita mvivu, na unasema mama naye ameanza kukuita hivyo.

Mimi sitakuita hivyo, na nina sababu.

Karibu na mji wa Vienna, Austria, kuna kijiji kinaitwa Marienthal. Kiwanda chake cha nguo kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Watafiti wakaenda kuwatazama watu wale wanaishije, na kitabu cha Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel kikatoka mwaka 1933. Ungedhani watu wenye siku nzima mikononi wangesoma zaidi. Maktaba ilikuwepo, na ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu. Wanaume walitembea polepole, wakisimama barabarani mara kwa mara. Walipopewa karatasi waandike wamefanya nini tangu asubuhi, wengi walijikuta hawana cha kuandika; saa zilikuwa zimepita bila kuacha alama. Wanawake wa kijiji hichohicho, ambao nao walipoteza kazi kiwandani, siku yao ilikuwa bado na umbo, kwa kuwa watoto walitaka kula, nguo zilitaka kufuliwa na jiko lilitaka kuwashwa.

Wanaume wale hawakuwa wavivu. Walikuwa watu waliozoea king'ora cha kiwanda, na king'ora kilinyamaza. Wewe kengele yako ilianza kulia darasa la kwanza. Ikalia sekondari, ikalia bwenini, ikaja kuwa ratiba ya vipindi chuoni. Zaidi ya miaka kumi na tano mtu mwingine alikupangia saa ya kuamka, kisha siku moja ya mwaka 2022 ikakatika. Hukufundishwa kuishi bila kengele, na karatasi ya ukutani haiwezi kuwa kengele kwa sababu usipoifuata hakuna anayeumia.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Nilipopunguzwa kazini nilikaa miezi kadhaa nikinywa chai saa tano na khanga ya kulalia kiunoni. Niliandika mipango mingi na mizuri. Kilichoniinua ni jirani yangu aliyejifungua, akaniomba nimpelekee mwanawe wa chekechea shuleni kila siku saa moja na nusu asubuhi. Mtoto alikuwa ananisubiri mlangoni, begi mgongoni. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka mitano kwamba leo hujisikii. Nikimfikisha, nipo macho, nimevaa, nimetembea, na siku imeshaanza. Yaliyobaki yalijipanga yenyewe nyuma ya saa ile moja.

Sasa nirudi kwenye barua yako, mahali ambapo nadhani uliandika bila kujua umeandika nini. Unalalamika kwamba mama anaanza kukaanga vitumbua saa kumi na nusu alfajiri, na sauti ya vyombo inakukatizia usingizi ukiwa ndio kwanza umeanza kunoga.

Mwanangu, ratiba unayoitafuta inapita nje ya mlango wako kila alfajiri. Jioni mchele unalowekwa. Usiku unasagwa na tui na iliki, unatiwa hamira, unaachwa uumuke. Alfajiri mkaa unawashwa, chuma cha vitumbua kinawekwa jikoni, na saa kumi na mbili na nusu beseni linatakiwa liwe barabarani kabla wanafunzi na waendesha bodaboda hawajapita na njaa zao. Nyumba yenu ina saa yake, na imekulisha na kukusomesha. Wewe ndiye uko nje yake. Ichane ile karatasi, usiandike nyingine.

Chukua kipande kimoja cha kazi ya mama kiwe chako kabisa. Nisingependa iwe "kusaidia", maana msaidizi akilala kazi inaendelea. Iwe wewe ndiye unayewasha jiko na kulipeleka beseni kijiweni, na mama alijue hilo, aache kabisa kuliwaza. Usipoamka, vitumbua havitoki. Wapo watakaoona ni aibu kwa mwenye shahada kubeba beseni. Waache waone. Mama yako amelibeba miaka yote hiyo.

Hilo litakupa na jambo la pili, jua. Saa yetu sisi Waswahili huhesabiwa toka kunapokucha, saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na mwili nao unahesabu vivyo hivyo. Mwanga wa asubuhi ukigusa macho, saa iliyo ndani ya mwili inajirekebisha, na usiku usingizi unakuja mapema zaidi. Umesema chumba chako kina pazia zito, hupigwi na jua mpaka mchana. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alijifungia pangoni miezi miwili bila saa wala jua. Alipoambiwa muda umekwisha, hesabu yake ilikuwa nyuma kwa siku 25. Nawe unauliza leo ni Jumanne au Alhamisi! Ukishafikisha beseni, usirudi kitandani. Tembea kwa kasi kuelekea Msamvu, kwenda na kurudi nusu saa. Ukifanya hivyo siku tano kwa wiki, umefikisha dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima azifikishe.

Kuhusu usiku sitakuzungusha: ni bando. Vifurushi vya usiku ni vya bei nafuu, na kijana asiye na kipato anaona ni hasara kulala kabla hajavitumia. Lakini unavilipia asubuhi. Simu ilale sebuleni, ichajiwe huko. Kama unaitegemea kukuamsha, nunua saa ya mezani, au mwambie mama akugongee. Wiki ya kwanza utageuka geuka kitandani na utaamka umechoka. Hata hivyo amka saa ileile, na mchana usilale zaidi ya nusu saa. Saa ya kulala itajisogeza yenyewe ukiishikilia ya kuamka.

Halafu alasiri. Umetaja kwa kupita tu kwamba mdogo wako yuko kidato cha tatu na hesabu zinamshinda. Mtihani wa kidato cha nne haumsubiri mtu. Mkalishe chini saa kumi na moja jioni, siku nne kwa wiki, aje na wenzake wawili watatu wa mtaani. Hata wakikulipa kidogo, au wasikulipe mwanzoni, utakuwa unafanya ualimu. Siku hizi mwalimu naye anaitwa kwenye usaili, na anayefundisha kila wiki hawezi kukaa mbele ya swali kama mtu aliyeacha kushika chaki kwa miaka. Kuomba kazi kutengee asubuhi mbili za wiki, saa tatu hadi saa sita, uingie kwenye mfumo wa maombi, utume, ufunge. Kuchungulia tangazo mara arobaini kwa siku hakuongezi nafasi, kunaongeza unyonge.

Neno moja la uzito. Ukifanya haya wiki mbili tatu na bado usingizi haupo, chakula hakipiti, huoni raha kwa lolote, hilo si suala la ratiba tena. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ukaonane na daktari, useme kama ulivyoniandikia mimi. Na yakikujia mawazo ya kutaka kufa, usingoje hata siku moja. Muamshe mama usiku huohuo.

Leo jioni mama akianza kuloweka mchele, kaa naye. Usianze na ahadi ndefu, ameshazisikia. Muulize jiko linawashwa saa ngapi hasa, na umwambie kesho utaliwasha wewe. Kisha niandikie baada ya wiki tatu. Nataka kujua vitumbua vilitoka saa ngapi.

Shangazi yako