Wakili wa bima anamtetea nani?

SWALI: Mimi ni dereva wa lori hapa Ohio. Nimefunguliwa kesi ya madai baada ya ajali. Bima imenipa wakili, anasema ni mwanachama wa DRI. Chama hicho kinafanya nini, na yeye ni wakili wangu au wa bima?

JIBU: Pole kwa ajali. DRI kilianzishwa mwaka 1960, na makao yake yako Chicago. Kinawaunganisha mawakili wanaotetea wadaiwa: madereva, madaktari, wenye viwanda. Kujiunga ni hiari, tofauti na Chama cha Wanasheria Tanganyika, ambako wakili wa Tanzania Bara hana budi kuwa mwanachama. Kwa hiyo, uanachama wa DRI si leseni.

Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni taarifa za mashahidi wataalamu. Tuseme mdai analeta mhandisi wa kueleza mwendo wa lori lako. Wakili wako anaweza kutafuta alichosema mhandisi huyo chini ya kiapo katika kesi nyingine. Akijipinga, atahojiwa hadi atokwe jasho. Chama pia huendesha mafunzo, na huwasilisha hoja mahakama za rufaa kama rafiki wa mahakama.

Bima ndiyo inayolipa, lakini mteja ni wewe, na siri zako wakili anapaswa kuzitunza. Ila ukipokea barua ya bima ikisema inahifadhi haki ya kukataa kulipa, tafuta haraka ushauri wa wakili mwingine. Uliza pia kikomo cha bima yako: hukumu ikikizidi, salio laweza kukuangukia.