Mlango Hufungwa Mara Moja

SOMO LA WIKI: KUSAFIRI BILA KUTESWA NA WASIWASI WA WEZI



Leo tunazungumza juu ya mtu aliyefunga mlango wake vizuri, akashika njia, lakini moyo wake ukabaki kwenye kufuli. Je, unamjua mtu huyo? Pengine ni jirani yako. Pengine ni wewe. Soma polepole, kisha msomee mwenzako.

Barua ya mama

Katika darasa moja la kujiendeleza huku Kasulu tulikuwa tunajifunza kuandika barua. Tuliwaambia wanakisomo kila mmoja amwandikie jamaa aliye mbali. Mama mmoja akakaa na kalamu mkononi, haandiki. Tulipomwuliza akajibu, "Mwalimu, barua yangu ni ya kuomba msamaha. Sijui inaanzaje."

Tukamwomba atueleze kwanza kwa mdomo.

Binti yake ameolewa Kibondo. Alikuwa anangoja mtoto wa kwanza, akamwomba mama yake aende akae naye. Siku ya safari ikafika. Mama akafunga mlango, akavuta kufuli, akatoka na mzigo wake. Alipofika kwenye migomba ya jirani, moyo ukamwuliza, "Hivi umefunga kweli?" Akarudi. Kufuli limefungwa. Akaondoka. Alipokaribia barabara, moyo ukasema, "Na dirisha la nyuma je?" Akarudi. Dirisha limefungwa. Alipokuwa anarudi kutazama mara ya tatu, akasikia gari linapita. Siku ile hakupata gari jingine.

Alifika Kibondo kesho yake jioni. Mjukuu alikuwa amekwisha zaliwa usiku. Binti hakugomba. Alisema tu, "Mama, nilikuita usiku kucha."

Mama alikuwa amekusudia kukaa wiki mbili. Alikaa siku tatu. Kila siku alimpigia jirani simu: "Hebu nenda ukanitazamie mlango." Jirani akitazama na kumwambia mlango uko salama, mama alitulia kwa saa moja. Halafu akapiga tena. Siku ya nne akarudi nyumbani. Alikuta maharage, majembe na kuku, vyote vipo.

"Mwizi hakuingia," alituambia. "Lakini zile siku za kukaa na mwanangu sitazipata tena."

Wengine darasani walitaka kucheka, halafu wakanyamaza. Kisha mmoja akasema, "Hata mimi." Na mwingine, "Hata mimi." Hata sisi walimu tulikubali. Tumewahi kushuka garini na kurudi kwa miguu, eti kutazama mlango ambao tuliufunga wenyewe.

Hofu ina sababu

Mtu wa namna hii tusimcheke. Wezi wapo. Nyumba ya tope hutobolewa ukuta usiku. Baiskeli, simu, sola na magunia ya maharage huibwa.

Tena wilaya zetu zimeona mambo. Vita vya Burundi vilianza mwaka 1993, na vya Kongo mwaka 1996. Watu wengi sana walikimbilia mkoa wetu wa Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Katika miaka ile bunduki zilivuka mpaka, na ujambazi wa barabarani ulitisha watu. Wengi wetu tumekua tukisikia habari hizo usiku. Lakini tusimdhanie kila mgeni kuwa mwizi. Wengi wa wageni hao waliacha nyumba zao milango wazi wakakimbiza roho zao. Wao wanajua zaidi yetu maana ya kuacha nyumba.

Basi hofu yenyewe si ujinga. Hofu ni kama mbwa mzuri wa nyumbani. Mgeni akija, anabweka. Unatoka, unatazama, naye ananyamaza. Wasiwasi ni mbwa anayebwekea hata jani la mgomba. Usiku kucha anabweka, nawe hulali, na nyumba hailindwi zaidi.

Kwa nini kutazama tena hakusaidii

Mama yule alidhani kwamba akitazama mara moja zaidi atatulia. Kumbe ni kinyume.

Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, walieleza jaribio walilofanya. Waliwapa watu jiko la gesi la kuigiza ndani ya kompyuta. Watu wakaliwasha, wakalizima, wakahakikisha limezimwa. Wakarudia hivyo mara nyingi. Mwishoni waliulizwa wanakumbuka nini. Walikumbuka sawasawa, hawakukosea kuliko wenzao ambao hawakurudia kukagua jiko. Lakini wao wenyewe hawakuamini tena walichokumbuka. Picha yake kichwani ilikuwa imefifia.

Fikiria njia ya kwenda gulioni. Mtu mmoja akipita kwenye udongo laini, unauona unyayo wake. Wakipita mia, huoni unyayo wa nani. Ndivyo ilivyo akilini. Ukifunga mlango mara moja, unakumbuka. Ukiutazama mara kumi, zote zinachanganyika, na shaka inaongezeka.

Wengine huenda kwa mganga kuzindika nyumba. Wanalipa fedha au mbuzi. Wanatulia siku chache. Halafu moyo unauliza, "Je, zindiko halijaisha nguvu?" Maana wasiwasi haushibi. Kila ukiulisha jibu, unaomba jibu jingine.

Basi tufanye nini?

1. Linda nyumba kweli, kabla ya siku ya safari.

Tengeneza bawaba na komeo lililolegea. Ziba tundu la ukuta. Usiache fedha ndani. Weka benki, au kwenye simu, au kwenye chama chenu cha akiba na mikopo. Kuku na mbuzi wapeleke kwa jirani. Ufunguo usiufiche chini ya mtungi au juu ya mlango, maana kila mwizi anapajua hapo.

Sasa unajua kuandika, kwa hiyo tumia kalamu yako. Andika kwenye daftari namba ya baiskeli iliyogongwa kwenye chuma chake. Andika namba ya simu yako ya mkononi: bonyeza *#06# na utaona tarakimu 15. Tunza risiti. Mali iliyoandikwa ni rahisi kuidai.

2. Funga mara moja, kwa akili yote.

Andika kazi za kuondoka kwenye karatasi: moto, dirisha, mlango, ufunguo. Ukimaliza kazi moja, weka alama. Unapofunga kufuli usizungumze na mtu, wala usifikiri juu ya gari. Livute mara moja. Sema kwa sauti, "Leo Jumanne nimefunga, na mvua inanyunya." Hilo litakusaidia kuikumbuka siku hiyo peke yake. Kisha iache ile karatasi. Si ya kutazamwa njiani.

3. Kabidhi nyumba kwa mtu.

Mwambie jirani mmoja unayemwamini, balozi wako wa nyumba kumi, na mwenyekiti wa kitongoji. Wao tu. Usitangaze safari gulioni. Ulinzi wa pamoja una nguvu kuliko kufuli. Sungusungu walianzia kwa wananchi wenyewe, Shinyanga na Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Waliona kwamba mtu mmoja halindi nyumba yake peke yake.

Pataneni juu ya simu. Jirani akupigie kukiwa na jambo. Wewe mpigie siku mliyopatana, kwa mfano Jumapili jioni, mara moja. Na yeye akisafiri, wewe utamlindia.

4. Nenda pamoja na hofu yako.

Hapa ndipo penye kazi. Moyo utakuuliza, "Umefunga kweli?" Usibishane nao, wala usirudi. Sema, "Inawezekana mwizi akaja, inawezekana asije. Mimi nimefanya kazi yangu." Kisha endelea kutembea. Hofu itapanda kama mtu anayepanda mlima. Itafika juu. Ukiiacha, polepole itashuka yenyewe. Ukirudi nyumbani kabla haijashuka, hutajua kamwe kwamba ingeshuka.

Anza na safari ndogo. Wiki hii nenda shambani bila kurudi kutazama. Wiki ijayo nenda gulioni. Baadaye lala usiku mmoja kwa jamaa.

Ninyi mnaoishi naye, msimcheke wala msimgombeze. Lakini pia msimjibu mara 20 kwamba mlango umefungwa. Mwambieni kwa upole, "Tumekwisha funga. Haya, twende."

Na mwizi akiingia kweli?

Inaweza kutokea, hatusemi uongo. Usiguse vitu. Mwite mwenyekiti wa kitongoji, toa habari polisi; namba ya dharura ni 112. Peleka daftari lako lenye namba za mali. Kwa sheria ya nchi yetu, aliyevunja nyumba mchana aweza kufungwa hadi miaka 14, na aliyevunja usiku hadi miaka 20. Hukumu hiyo ni ya mahakama. Kumpiga mtu ni kosa, na kumchoma moto ni kosa kubwa zaidi ya wizi, na wengine wamekufa hivyo bila kuiba kitu.

Wasiwasi unapokuwa ugonjwa

Wapo watu ambao hatua hizi peke yake hazitawatosha. Kama unatumia zaidi ya saa moja kila siku kukagua milango, kama hulali, kama huendi shambani, kliniki au msibani, nenda zahanati au kituo cha afya. Waeleze yote bila kuona haya. Wanaweza kukupeleka hospitali ya wilaya, au ya mkoa, Maweni. Huo ni ugonjwa unaojulikana. Si uchawi. Unatibiwa kwa mazungumzo na mazoezi kama haya, na wengine hupewa dawa.

Mwisho wa barua

Mama yule aliandika barua yake, mistari minne. Alimwomba binti yake msamaha, akamwuliza aje lini. Kisha tukafanya naye mazoezi darasani kwa miezi miwili.

Alipokwenda tena Kibondo alikaa siku kumi. Tulimwuliza kama aliogopa. "Sana," alisema. "Usiku wa kwanza sikulala. Usiku wa pili nililala kidogo. Wa tatu mtoto alilia, nikambeba, na nilipomlaza nikakumbuka kwamba sijauwaza mlango tangu jioni."

Aliporudi alikuta kuku mmoja amepotea. Jirani anasema ni kicheche.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kukagua: kutazama kitu ili kuhakikisha kiko sawa.
Kukabidhi: kumpa mtu kitu au kazi aitunze.
Wasiwasi: hofu inayorudi hata pasipo sababu mpya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mama alikosa gari?
2. Kutazama mlango mara nyingi kunafanya nini akilini?
3. Andika kazi nne unazofanya kabla ya kuondoka nyumbani kwako.
4. Ni nani utakayemkabidhi nyumba yako? Je, umekwisha mwambia?
5. Andika barua fupi kwa jamaa ambaye hukwenda kumwona kwa sababu ya hofu.